Shoga, wikiendi ya Rufiji inaanza Ijumaa usiku

Dar es Salaam, 14 Julai

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Umeniuliza habari za Rufiji, nami nafurahi mno kwamba mnakwenda. Julai ni wakati wake. Masika barabara ya Kibiti kwenda Mloka, kijiji cha kando ya Mto Rufiji mnakokwenda, ina udongo mweusi unaoteleza na kunasa magari, na kambi nyingi hufungwa.

Ijumaa usiku acheni nyumba tayari. Ongeza umeme wa LUKU, maana uniti zikiisha mkiwa safarini, samaki wote wa kwenye friji wataoza. Jaza simtanki na ndoo, mgao wa maji hausubiri mtu arudi. Jumamosi muwe mmeshapita Kongowe kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mkichelewa, foleni ya Mbagala itakula asubuhi yote, na jua la mchana litawakuta kwenye mchanga.

Kibiti jazeni tangi, toeni na fedha taslimu. Hapo ndipo mnapoacha lami na kukata kulia. Mkiona Daraja la Mkapa, mmeshapotea, rudini. Kwenye mchanga mzito punguzeni upepo wa matairi kidogo, na msisahau pampu ya kuujaza tena. Kutoka mjini hadi Mloka hesabuni saa tano au sita.

Laleni Mloka, nje ya lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni nafuu kuliko ndani ya hifadhi, na mto uko pale pale.

Sasa boti, ambayo ndiyo safari yenyewe. Chagueni ya saa kumi jioni, au ya asubuhi mara jua linapochomoza. Kabla ya kupanda, mvalishe kila mtoto jaketi okozi, kisha livute juu mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga huhama, kwa hiyo njia ya jana si lazima iwe ya leo. Mtazame nahodha: akiona maji yamekunjamana na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, anainua injini pangaboi lisigonge mchanga, kisha anashika upondo na kusukuma taratibu. Msimhimize. Hapo boti inakwenda kimya, na kwenye kingo mtaona matundu ya keremkerem, mamia, ndege wanaingia na kutoka.

Kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, kwa hiyo boti isikae kati yake na maji marefu. Nahodha anayemsogelea ili mpige picha, mwambieni hapana. Mikono ibaki ndani, na mtoto yeyote asinawe miguu ukingoni hata maji yakiwa yametulia. Mamba hulala papo hapo.

Nguo za buluu na nyeusi ziacheni, zinawavuta mbung'o. Bebeni chandarua, dawa ya kujipaka, na maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Wali wa nazi usiubebe, utachacha kabla ya Mkuranga. Chukua maandazi, mayai na viazi vitamu vya kuchemsha.

Jumapili ondokeni saa mbili asubuhi, mpate kuingia Mbagala kabla ya jioni na watoto walale mapema. Jumatatu shule ipo.

Mwambie shemeji aangalie tairi la akiba leo, si Ijumaa.

Wako akupendaye,
Mwanaidi