Chuo kikuu au shule ya urubani? Anzeni kwa daktari

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Malindi na hati ya shamba mkononi. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na hataki kusikia jingine ila urubani. Swali la mzee: auze shamba ampeleke Marekani akasome shahada ya urubani, au amwandikishe shule ya urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi?

Tulimwomba airudishe hati nyumbani kwanza, kijana akapimwe. Leseni ya rubani wa biashara haitolewi bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, na vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga: macho, masikio, moyo, na kutofautisha rangi. Inauma sana mzazi akilipa karo ndipo tatizo la macho lijulikane.

Kuhusu shahada, iko faida moja kubwa inayotajwa nusu nusu. Tangu 2013, Marekani humtaka rubani wa shirika la abiria, hata yule msaidizi, awe na saa 1,500 za kuruka. Mwenye shahada ya urubani ya miaka minne kutoka chuo kilichoidhinishwa anaweza kupunguziwa hadi 1,000. Saa 500 si kidogo. Lakini hiyo ni sheria ya Marekani, humfaa aliye na ruhusa ya kufanya kazi huko. Huyu kijana ndoto yake ni kurusha Caravan, ndege ndogo ya abiria, kutoka Wilson hadi uwanja wa Manda, kuwashusha watu wa Lamu wakapande boti. Kwake punguzo hilo halina kazi, na akirudi na leseni ya kigeni itabidi aibadilishe iwe ya Kenya.

Kenya leseni ya biashara huhitaji saa 200, au 150 kwa mafunzo kamili yaliyoidhinishwa. Shahada si sharti. Tatizo la kusoma kivyako, bila chuo kikuu, ni pesa kukatika: ukikaa miezi miwili bila kuruka, ukirudi saa za mwanzo unazilipia kurudia ulichokwisha kujua. Kwa hiyo kusanyeni fedha kwanza, kisha lipeni kwa awamu, kamwe si zote siku ya kwanza. Na mfike wenyewe shuleni, mhesabu ndege zinazoruka siku hiyo. Zilizoegeshwa msizihesabu.

Sisi husoma mkataba wa shule pamoja na mzazi, kifungu kwa kifungu, hasa cha kurudishiwa pesa. Njooni na kijana mwenyewe; maswali mengine ni yeye tu wa kuyajibu.