Usiulaumu msuguano

Sakina, Arusha

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi, na pole na joto la Moshi. Huku bado tunavaa masweta. Mama Neema kanifikishia karatasi yako ya vipimo: reli ya mita 2, upande mmoja umeinuliwa sentimita 10, gololi imeshuka mita 1.8 kwa sekunde 3.64, mchapuko (kasi inavyoongezeka) 0.27 m/s². Ulitarajia 0.35, ukaandika pembeni kwa wino mwekundu "msuguano". Hapana bwana!

Gololi ikibingirika bila kuteleza, pale inapogusa haisogei kwa nukta ile, kwa hiyo msuguano hauli nishati. Unaizungusha gololi tu. Nishati inagawanyika, nyingine ya kwenda mbele, nyingine ya kuzunguka, ndiyo maana hupati g sin θ nzima (mvuto wa dunia kwa mteremko huo), yaani 0.49, bali 5/7 yake. Lakini hiyo 5/7 ni ya ubao bapa. Wewe umetumia engo ya alumini, ile yenye umbo la V, siyo? Mle gololi inagusa kuta mbili, chini haifiki. Kwa engo ya nyuzi 90 inabingirika kwa r/√2 badala ya r (nusu kipenyo chake), kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mzunguko unachukua fungu kubwa. Gawanya g sin θ kwa 1 + (2/5 × 2), unapata 5/9 yake, yaani 0.27. Kipimo chako hakina kasoro!

Na huyo aliyekushauri kupaka mafuta, mwambie aache. Ikianza kuteleza, hesabu zote hizi zinakufa.

Ukihamia ubao bapa, leta na kipande cha shafti, chuma cha duara kisicho na tundu (2/3 ya g sin θ), na bomba lenye ukuta mwembamba (1/2). Wanafunzi watabishana kuhusu uzito. Waache, m (tungamo) inajifuta yenyewe kwenye hesabu. Ila gololi na shafti usizipime kwa simu: sekunde 3.21 kwa 3.32, na kidole peke yake hukosea kama 0.2. Ziachie pamoja zishindane. Bomba litachelewa hadi 3.83, hilo hata wa nyuma darasani ataliona.

Sasa niambie: hizo sentimita 10 ulizipima kwenye mita 2 nzima au kwenye alama ya 1.8? Uliiachia gololi kwa kuinua rula, au uliisukuma kidogo? Pima maji uliiweka na kwa upana? Elia anafanya lini mtihani wa vitendo? Na ile engo yangu, inarudi lini?

Wako,
E.