Shangazi, kuhusu swali lako la Januari

Shangazi, shikamoo.

Swali ulilonipigia simu kuniuliza Januari 2025 sijalijibu mpaka leo. "Huku Biharamulo watu wanaambizana wasishikane mikono, na wewe uko gazetini. Mbona mmekaa kimya?" Nakujibu hadharani, maana najua hukuwa peke yako.

Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza watu tisa wanaoshukiwa kuugua Marburg, homa kali ya virusi iliyo jamii moja na Ebola, mkoani Kagera, wanane kati yao wakiwa wameshafariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha mgonjwa mmoja.

Siku zile sita, Shangazi, zilinitesa. "Sampuli zilizopimwa hazikuonyesha" ni habari ya sampuli zile tu, za watu wale, siku ile. Damu ikichukuliwa mapema mno, kipimo kinaweza kisione kirusi. Lakini kichwa cha habari hubeba maneno machache, na "Hakuna Marburg" ni mafupi, tena yanatuliza. Niliomba neno "zilizopimwa" libaki. Halikubaki.

Daktari niliyempigia alisema yeye si msemaji. Msemaji hakupokea. Daktari simlaumu hata kidogo. Mwaka 2020 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, na takwimu za Uviko zikaacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka mzima. Mtu aliyepita kipindi hicho akiwa na koti jeupe alijifunza kufunga mdomo, na hofu ya namna hiyo haiondoki kwa tangazo. Sisi nasi tulijifunza kungoja. Tukingoja, wewe unapokea sauti za WhatsApp zinazosema ugonjwa uko kwenye maji ya kisima.

Kosa langu ni hili. Yapo mambo ambayo hayakuhitaji msemaji wala maabara. Marburg haisubiri tangazo: hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa marehemu bado unaambukiza. Chanjo iliyoidhinishwa haikuwapo. Yote haya niliyajua tangu mlipuko wa Machi 2023, humo humo Kagera, ulipoua watu sita kati ya tisa waliougua. Ningeweza kuyaandika usiku ule ule wa tarehe 14, bila kumtaja mgonjwa yeyote. Nilikuwa nahangaika na "yupo" na "hayupo", nikasahau anayesoma atafanya nini kesho asubuhi.

Binamu aliniambia baadaye kwamba wiki ile ulikwenda kumwosha jirani yako aliyefariki. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, ndicho kilichomwondoa. Ila ulipoingia chumbani mle kwa mikono mitupu hukuwa na namna ya kujua, na mimi sikuwa nimekwambia.