RISALA YA KIKUNDI CHETU CHA KUWEKA NA KUKOPA KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUVUNJA SANDUKU NA KUGAWANA AKIBA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwakeye! Itifaki imezingatiwa, maana tukianza kutaja wakubwa mmoja mmoja jua litatuchwea hapahapa na tumeambiwa unawahi Kigoma mjini.

Tunakushukuru sana kwa kuja, tena umekuja mwenyewe, wenzako hutuma mwakilishi na bahasha. Mungu akuzidishie.

Mheshimiwa, kikundi kilianza na akina mama 12 waanika dagaa pale mwaloni, sahivi tuko 31, na wanaume wanne ambao kazi yao kubwa ni kubeba viti. Mafanikio ni mengi mno. Tuna viti 60 vya plastiki (hicho chako cha kitambaa tumeazima kanisani), sufuria mbili za misibani, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mikopo yetu ndo ilivusha nyumba nyingi hapa. Changamoto ndogondogo hatutazisema, tunayo moja tu.

Mheshimiwa, watu wetu hawana pa kukaa.

Tunajua utashangaa maana umepita njiani hujaona mtu kalala barabarani. Kuna kijana alishawahi kuja na tableti akauliza kama kijijini kuna watu wanaolala nje, kiongozi wetu akamjibu hakuna, na wala hakudanganya, akaandika sifuri akaondoka. Huku mtu halali nje, analala kwa mtu. Ziwa lilipopanda ile miaka ya 2020 na 2021, alafu likarudia 2024 kwa nguvu zaidi, hata Kibirizi huko mjini maji yaliingia, sasa sisi wa vijijini tuseme nini. Wazee wanasema ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, hivo mvua zikizidi linajaa kwetu. Na nyumba zetu ni za tofali mbichi, zile hazibomoki kwa kishindo, zinakunywa maji chini taratibu, unaamka asubuhi ukuta umekaa chini kama mtu aliyechoka.

Tuna bibi mmoja mwanakikundi, jina tunalificha kwa heshima yake, yeye anaishi jikoni kwa mkwe wake. Mheshimiwa wewe ni mtu mzima unajua maana ya mama mkwe kulala kwa mkwe. Kila siku anaamka alfajiri sana anakunja mkeka anauchomeka juu kwenye dari ya kuni ili binti aje awashe moto, alafu anakwenda kukaa mwaloni hata kama hakuna dagaa, anakaa tu, mpaka wale chakula cha usiku wamalize ndo anarudi. Mkwe hajawahi kumsema neno, tena ni kijana mzuri, bibi ndo anaona aibu. Huyo kwenye karatasi ana makazi.

Tuseme ukweli, wanakijiji hatuko na kauli moja. Wapo wanaosema waliobomokewa walijitakia, sheria inataka mita 60 kutoka ziwani na wao walijenga mpaka mawimbi yanawasalimia. Ni kweli, lakini mwingine babu yake alipojenga maji yalikuwa mbali, ziwa ndo limemfuata. Wapo wanaosema ni wahamiaji tu wa dago, kambi za wavuvi, warudi walikotoka. Nao mvua ijayo watapiga hodi kwa nani, hatujui.

Mkutano mkuu wa kijiji ulishatenga eneo kule juu mlimani kwenye michikichi, muhtasari upo na sahihi zipo. Shida kijiji jirani wanasema pale ni kwao, kwahiyo mtu akichimba msingi leo kesho anafukiwa. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapohapo ulipo akasema mpima ardhi atakuja ndani ya wiki mbili, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mpima alikuja baada ya miezi saba, tukamchangia mafuta ya pikipiki na kuku wawili, akapiga vigingi vinne akasema kifaa kimeisha chaji, anarudi. Vigingi vitatu vimeshakuwa kuni. Kimoja tumekihifadhi ofisini, ukitaka kukiona kipo. Na yule wa kabla yake aliahidi bati 100, hizo hatumdai tena maana bati bila kiwanja utaezeka nini, labda uzibebe kichwani.

Kwahiyo Mheshimiwa hatukuombi hela, na ukitoa hatutakataa, sanduku liko wazi leo. Tunaomba mpima wa halmashauri aje na viongozi wa vijiji vyote viwili wawepo, ugomvi wa mpaka umalizwe siku hiyohiyo, na tunaomba utaje tarehe hapahapa kwenye kipaza sauti, siyo "hivi karibuni", maana hiyo tunayo nyingi. Katibu ameshika kalamu.

Eneo lenyewe ni dakika ishirini kwa mguu. Tumekuwekea gambuti chini ya meza, namba ya mguu tuliuliza kwa dereva wako. Wali na migebuka utavikuta vya moto ukishuka.

Karibu sana.