Kwa nini tathmini ya saikolojia haimalizwi kwa siku moja

Juzi tena kaja mteja hapa ofisini Malindi kakasirika, ati kalipa pesa zote zile kwa "maswali tu na karatasi". Huyu ni wa tatu tangu mwaka uanze, kwa hivyo wacha niseme.

Siku ya kwanza simpi mtu testi yoyote. Nauliza nani kakutuma na anataka kujua nini, manake mwalimu anayeuliza mbona mtoto hasomi na hakimu anayetaka ripoti, testi zao si zile zile. Alafu historia: uzazi, magonjwa, usingizi, nyumbani kukoje. Mama mmoja wa Ngomeni aliniletea kijana wa miaka 8, skuli washamwita mzito wa kichwa, nami namwita kwa nyuma hageuki. Nikawaambia mkampimeni masikio kwanza. Kumbe yanatoka usaha muda mrefu! Ningemkalisha kwenye testi siku ile angepata alama za chini na zingemfuata mpaka ukubwani.

Kinachoniuma zaidi ni njia ya mkato. Baba mmoja alitafuta maswali kwenye simu akamfundisha bintiye wiki nzima ili "afaulu". Jamani, huu si mtihani wa kufaulu. WISC-V, ile testi ya kupima akili ya watoto, inamlinganisha mtoto na wa umri wake, wastani ni 100, akishafundishwa majibu hiyo namba haina maana. Ikabidi nianze upya na testi nyingine na baba akalipa mara mbili. Na PHQ-9, ile fomu ya maswali 9 ya kuangalia dipresheni, ni nzuri na ni ya bure, lakini inauliza wiki 2 zilizopita tu, alama 15 inaweza kuwa dipresheni, inaweza kuwa tezi ya thairoidi, inaweza kuwa umefiwa juzi. Fomu haijui, lazima mtu akae na wewe.

Tena hizo namba za WISC-V zilipatikana kwa watoto wa Marekani, mtoto anayeongea Kigiriama nyumbani siwezi kumsomea vile vile zilivyo.

Unaniona kwa muda wa saa mbili tatu, kuhesabu alama, kulinganisha na kuandika ripoti kunanila siku nzima nyingine. Mwisho nakuita tukae nikueleze neno kwa neno. Yule wa juzi alichukua bahasha mlangoni akaenda zake. Kikao chake keshakilipia, aje tu.