Nafasi tupu ya kontena inanigombanisha na wenzangu ugenini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Mbagala. Nimeajiriwa na kampuni inayoagiza marumaru kutoka Uchina. Mkaguzi tuliyekuwa naye huku aliacha kazi ghafla, bosi akaniomba nije nishike nafasi yake kwa miezi michache mpaka apatikane mwingine. Ndiyo nipo Foshan, mji wa marumaru na fenicha uliopakana na Guangzhou kiasi kwamba treni ya chini ya ardhi inakutoa mji mmoja na kukuingiza mwingine bila wewe kujua umevuka wapi.

Kazi yenyewe siilalamikii. Nafungua maboksi, napima, nalinganisha rangi ya mzigo wa leo na wa jana, nasimamia upakiaji mpaka mlango wa kontena unafungwa na kupigwa lakiri. Mtu wa kiwandani anaongea Kichina kwenye simu yake, simu inanitolea Kiingereza cha ajabu, nami namjibu kwa yangu. Tunaelewana, na tukigombana tunagombana vizuri tu.

Mji nao nimeuzoea kuliko nilivyotarajia. Nilifika mwezi wa tatu, na ingawa sisi wa Dar joto tunalijua, ukuta unaotoa jasho nilikuwa sijauona. Baridi ikianza kuondoka unakuja upepo wa unyevu kutoka kusini, unakuta sakafu bado ya baridi, basi maji yanatiririka ndani ya nyumba na nguo ulizoanika hazikauki mpaka zinanuka uvundo. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alikuja kunionyesha kwamba msimu huo madirisha yanafungwa, hayafunguliwi. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kusuuza bakuli, kikombe na vijiti kwa chai ya moto pale pale mezani kabla ya kula, na kwamba mtu akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru. Mchana baada ya kula taa za ofisi zinazimwa, kila mtu anavuta kitanda chake cha kukunja chini ya meza na kulala. Hilo natamani tulipeleke Dar. Sokoni nimekuta mchicha, matembele na bamia, ila hata mama wa mchicha anataka umlipe kwa kuskani. Noti yangu ya kwanza ilimzungusha meza tatu kutafuta chenji.

Usiku ndio mgumu. Uchina yote inatumia saa moja, na iko mbele ya kwetu kwa saa tano. Baba watoto anafunga duka saa mbili usiku, huku ni saa saba. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya huku mpaka uwe na VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, nayo inakatika katikati ya sentensi. Nikiwasha data ya laini ya nyumbani inafunguka bila shida, lakini bando linayeyuka. Nimemwomba aweke WeChat, anasema atafanya kesho. Kwa hiyo naongea na wanangu wakirudi shule, dakika chache, halafu nabaki natazama ukuta.

Ndipo nikawapata Watanzania wa Xiaobei. Ni mtaa wa katikati ya Guangzhou, ambako Waafrika wamefanya biashara miaka mingi. Kutoka kwangu, ukihesabu kubadilisha treni, ni kama saa moja na nusu. Nilianza kwenda Jumamosi. Shangazi, kusikia mtu anakwambia "karibu, keti" baada ya wiki nzima ya kuongea na simu, we acha tu. Kuna dada mmoja wa Tanga anapika ugali wa unga mweupe na samaki wa nazi. Nilipopata homa ni yeye aliyenipeleka hospitali. Huku unalipa kwanza kila hatua: kujiandikisha, vipimo, dawa. Alisimama kwenye foleni zote hizo kwa niaba yangu, mimi nimeegemea begi lake.

Sasa tatizo. Marumaru ni mizito. Kontena la futi 20 linafikia kikomo cha uzito, tani 27 hivi, wakati nafasi haijajaa. Ukisimama mlangoni unaona kuanzia kifuani kwenda juu ni hewa tupu. Wenzangu wa Xiaobei hawajazaliwa jana. Wao wanachanga kontena na kulipia mzigo kwa CBM, yaani mita ya ujazo, na kila CBM ni pesa. Dada wa Tanga akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, pale juu si kuna nafasi? Niwekee maboksi manane ya viatu tu, hayana uzito."

Nikamweleza kwamba orodha ya mzigo inasema marumaru, na sahihi ya chini ni yangu. Viatu vikionekana kwenye skana bandarini, TRA watamwita bosi, na bosi ataniita mimi. Akaniambia ameelewa. Lakini aliyefuata akaniomba, na wa tatu, na kila niliyemkatalia alikuwa ameshasikia kwamba nimemkatalia mwingine. Siku hizi nikiingia wananisalimia, chakula napewa, ila mazungumzo yanashuka sauti. Wamenipachika jina, Bi Forodha. Wanalisema kwa kucheka, nami nacheka nao, halafu narudi Foshan nimenuna ndani ya treni huku watu wakinipiga picha za nywele zangu.

Juu ya hayo, kuna chumba kimepatikana Xiaobei, kwenye nyumba wanayokaa dada wa Tanga na mwenzake. Wamenipa mimi nafasi ya kwanza, kwa hiyo hawajanitupa. Nikihamia nitakuwa na watu wa kula nao kila jioni, si Jumamosi tu. Nitalazimika kuandikishwa upya polisi kwa anwani mpya, maana mgeni anatakiwa aandikishwe ndani ya saa 24, lakini hilo linafanyika. Hofu yangu ni kwamba nikishakula na kulala kwao, nitawezaje kusema hapana kwa maboksi? Na yule dada wa ofisini, ambaye mama yake ameanza kunialika Jumapili na kunijazia bakuli kila nikilimaliza, nitamwambia nahama kwa sababu gani?

Baba watoto hataki nihamie. Anakumbuka habari za mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba na hoteli za Guangzhou wakalala nje, anasema nibaki kwenye chumba cha kampuni. Hapo namwelewa. Pia hapendi hadithi anazozisikia mtaani kuhusu wanawake wanaokaa Guangzhou, na hapo simwelewi, maana mimi ananijua. Lakini sikia hii: wiki iliyopita dada yake, wifi yangu, ametuma picha za taa za sebuleni na mapazia. Nilipomuuliza mume wangu zitasafirije, akajibu, "Si kontena lenu lina nafasi?"

Nimewaza nimweleze bosi waziwazi, kwamba nafasi ya juu inaweza kukodishwa kwa mizigo myepesi, kila kitu kikaandikwa kwenye orodha na kulipiwa ushuru. Kampuni ingepata kitu, wenzangu wangepunguziwa gharama, nami ningevua hili jina. Lakini bosi wangu ni mtu wa kushuku. Naogopa atajiuliza ni makontena mangapi yameshapita na vitu vya watu kabla sijamwambia. Na mkaguzi niliyemrithi sijui aliachaje kazi. Nikiuliza, wananibadilishia mada.

Shangazi, dada wa Tanga anataka jibu la chumba mwisho wa mwezi huu. Bosi naye ameniomba nikae mpaka Desemba, anasubiri jibu. Nihamie Xiaobei au nibaki Foshan niendelee kwenda Jumamosi? Niende kwa bosi na wazo la kukodisha nafasi, au hilo ni kujitafutia balaa? Na huyu dada aliyeniuguza, nimlipeje wema wake kwa njia nyingine, ili ajue kwamba nilichokataa ni viatu na si yeye? La wifi niachie, nitamwambia taa zimekwisha.

Bi Forodha,
Foshan