Risala ya Kamati ya Michezo kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Michezo ya Shule

Mheshimiwa Mbunge, mgeni wetu wa heshima; Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo; Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi; Mwalimu Mkuu; Chifu na wazee wa mtaa; viongozi wa dini; wazazi wetu wapendwa; walimu na wanafunzi: hamjambo, na karibuni nyote.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja. Tunajua Jumamosi ya kiongozi imejaa matanga, harusi na harambee, na barabara yetu hii ikinyeshewa hakuna dereva anayeipenda. Umekuja hata hivyo, tena umefika kabla ya saa sita. Wanafunzi wetu wameliona hilo, maana wamewahi kumngoja mgeni hadi jua likatua.

Historia yetu ni fupi. Shule ilianza kwa madarasa manne ya mabati yaliyojengwa na wazazi kwa harambee, kwenye ardhi iliyotengewa shule mtaa huu ulipopimwa. Leo tuna madarasa ya mawe, maabara moja, Kidato cha Tatu na cha Nne, pamoja na Gredi ya 10 walioripoti Januari 2026, kundi la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala wa umilisi.

Katika michezo, shule hii imepiga hatua kubwa sana. Timu ya voliboli ya wasichana ilitikisa kaunti ndogo hadi nusu fainali, na jina letu sasa linatajwa katika shule ambazo zamani hazikujua tuko upande gani wa Nairobi. Mkimbiaji wetu wa mita 1,500 alifika mashindano ya kaunti na kumaliza wa sita. Alifanyia mazoezi kando ya Barabara ya Kangundo saa kumi na moja alfajiri, mwalimu akimfuata nyuma kwa bodaboda, taa zikiwaka, ili magari yamwone. Mpira tunaochezea kandanda umeshonwa mara tatu na fundi wa viatu wa pale stejini, na ukiushika unahisi mshono kama kovu. Goli za netiboli ni mabomba ya maji yaliyochomelewa ringi za baiskeli. Tunaomba mafanikio yetu yapimwe pamoja na vifaa hivyo.

Wapo wazazi wanaouliza kwa nini tunaula wakati wa masomo kwa michezo. Hatuwalaumu, kwa sababu sisi walimu ndio tuliowafundisha kuuliza hivyo. Miaka yote ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 elimu ya viungo ilikuwa kwenye ratiba lakini haikutahiniwa, na kila mwalimu aliyechelewa na silabasi alijua kipindi cha kuazima ni kipi. Tulikosea. Leo katika shule hii kipindi cha viungo hakiguswi, na tutaeleza sababu kwa mfano wa mtoto mmoja.

Yuko msichana wa Kidato cha Tatu ambaye alipojiunga nasi alijibu maswali darasani kwa kutikisa kichwa tu. Mwalimu wa michezo hakumpa mpira, alimpa filimbi. Wiki mbili za kwanza aliipuliza kwa woga hata wachezaji hawakuisikia. Kisha siku moja kijana wa Kidato cha Nne akabisha kuhusu mpira uliotoka nje. Yule msichana akapiga hatua tatu mbele, akanyoosha mkono kuelekea mstari, akasimama vivyo hivyo bila kusema neno mpaka kijana akarudi kwenye nafasi yake. Leo ndiye nahodha wa voliboli, na darasani ndiye wa kwanza kuinua mkono. Hakuna kipindi kingine kwenye ratiba yetu ambacho kingemweka mbele ya watu waliomzidi umri na kimo, na kumwambia: amua, na usiyumbe.

Wavulana wetu nao wanatoka mitaa miwili ambayo vijana wake hawapitiani njia giza likiingia. Uwanjani huvaa jezi moja, na aliyeanguka huinuliwa na mkono wa mtaa wa pili. Wazee wa mtaa walioketi hapa wanajua kazi hiyo ina uzito gani.

Jambo hili si geni Nairobi. Mwaka 1987, mwaka ule ule Kasarani ilipopokea Michezo ya Afrika, vijana wa Mathare walianzishiwa ligi yao, MYSA, na huko timu hupata alama kwa kusafisha mtaa wake, si kwa mabao peke yake. Mtoto aliyeshika reki asubuhi ndiye aliyefunga bao alasiri. Kinachohitajika kwanza ni mahali pa kuchezea.

Na hapo, Mheshimiwa, ndipo penye sababu ya mwaliko huu.

Uwanja wetu uko nyuma ya maabara. Kwenye ramani ni ekari mbili na nusu. Ukiupima leo kwa hatua, hazifiki mbili. Upande wa mashariki mtu tusiyemjua alikuja usiku akapanda vigingi vitatu vya saruji ndani ya mpaka wetu. Wiki iliyofuata lori likamwaga kokoto. Sasa pana kibanda cha kuoshea magari, na maji yake ya sabuni yanatiririka hadi mbele ya goli. Kila muhula wanafunzi wanaporudi hukuta kibanda kimesogea kidogo, na mstari wa pembeni nao tunausogeza kidogo.

Hicho kilichobaki nacho ni udongo mweusi, kama sehemu nyingi za Eastlands. Masika hunata hivi kwamba mwanafunzi akiinua mguu kiatu hubaki chini. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono hadi kwenye kifundo, na wasichana wawili wameumia miguu humo. Uwanja usipofaa tunawapeleka kwenye uwanja wa kuazima. Kipindi ni dakika 40. Kumi zinaisha njiani kwenda, kumi nyingine kurudi, na nyingine wakivuka barabara kwa mikono iliyoshikana. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Wetu hawafikishi dakika 20, tena kwa kipindi kimoja.

Shule haina hatimiliki. Tunayo barua ya mgao, na karatasi yake imechanika kwenye mikunjo kwa jinsi ilivyofunuliwa mbele ya maofisa. Faili yetu iko katika ofisi moja ya umma. Mwalimu Mkuu akienda huambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi, aliyemwambia hivyo amehamishwa.

Kilio hiki kimesomwa hapa kabla yako, Mheshimiwa, na wageni waliokutangulia kuketi kwenye kiti hicho wamekisikia. Mmoja aliahidi ukuta wa mawe ya Ndarugo katika siku mia moja. Lori moja la mawe lilishushwa langoni, wanafunzi wakaimba. Uchaguzi ulipopita, lori lilirudi kuyachukua. Mwingine alitutumia greda. Ilifanya kazi asubuhi moja, dereva akaenda kutafuta mafuta, na hadi leo mstari alipokomea unaonekana katikati ya uwanja. Nusu moja imelala, nusu nyingine ina mabonde. Wote wawili tuliwapa zawadi, na tukawapigia makofi ya kilo.

Wewe mwenyewe, na tunalisema kwa heshima zote, ulisimama kwenye kona ile wakati wa kampeni za 2022. Ulivua kofia, ukasema uwanja huu hautaguswa. Tuliamini unasema kutoka moyoni, na tunaamini hivyo mpaka leo. Vigingi vilikuja baadaye.

Hatusahau watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, ambao Januari 2015 walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umesimama kwenye uwanja wao. Walipousukuma walirushiwa vitoza machozi wakiwa ndani ya sare za shule. Haki yao ilianza kutafutwa baada ya ulimwengu mzima kuona picha zile. Sisi walimu hatutaki kuwaona wanafunzi wetu wakifika huko, na hatutawaruhusu. Lakini vijana wa miaka kumi na sita wanaona kibanda kikisogea, na wanatuuliza sisi watu wazima tunafanya nini.

Wanaona pia Uwanja wa Talanta ukijengwa kule Barabara ya Ngong, wa mashabiki 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya imepangiwa kuandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Tunajivunia. Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, na vijana wetu wanaikariri namba hiyo kama sala. Wakitaka kujipima, hawana mita 100 zilizonyooka. Mbio zetu za mita 100 leo zitakimbiwa kwa kukata kona karibu na choo, na tunaomba radhi kwa wazazi wa wakimbiaji.

Serikali imetuwekea mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na tunaishukuru. Shule yetu haiwezi kuufundisha. Wanafunzi wetu wenye kipaji hicho wanahama, au wanabaki na kusomea wasichokitaka.

Mheshimiwa, kamati ilikuwa na orodha ndefu: basi, maabara ya pili, ukumbi wa kulia, mwalimu aliyesomea elimu ya viungo. Tuliyakata yote usiku wa juzi. Wajumbe wengine hawakufurahi, na basi tunalihitaji kweli. Lakini vitu hivyo vyote vinaweza kuja mwaka ujao au ule mwingine. Ardhi ikishajengwa ghorofa hairudi.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja, lenye pande mbili. Kwanza, uandamane wewe mwenyewe na Mwalimu Mkuu hadi kwenye ofisi hiyo, mtafute faili pamoja, na mpima ardhi aje kurudisha mipaka. Tunakuomba usitupe barua ya kutujulisha kwa mtu. Barua tunazo nyingi. Pili, hazina ya ustawi wa eneo bunge ijenge ukuta upande wa mashariki katika mwaka wa fedha unaoanza Julai. Hatuombi ukuta wa kuzunguka shule nzima. Makadirio ya fundi yamo ndani ya bahasha ya kaki utakayopewa pamoja na zawadi, na wazazi wamekubali kuchimba msingi kwa mikono yao.

Tunakuomba pia ututajie tarehe leo, kwenye kipaza sauti. Katibu ataiandika kwenye kumbukumbu, nasi tutaipaka rangi kwenye ukuta wa maabara. Gredi ya 10 watakuwa hapa hadi 2028, na watakuwa wakiisoma kila siku wakienda uwanjani.

Chakula kiko tayari. Kabla ya kuketi mezani, tunakusihi utembee nasi hadi kwenye kona ile uliyosimama 2022. Wanafunzi wameshika kamba kufuata mpaka ulioko kwenye ramani. Utaona kamba inapita katikati ya kibanda. Nahodha wetu wa voliboli ndiye ameshika ncha ya mwisho, na zawadi yako iko mkononi mwake.

Ahsante sana.

Ni sisi, Kamati ya Michezo, kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi.